Fundi Aliyejitaja Mahakamani

Kwa miaka kumi na minane nilimwita Fundi, na sikuwahi kuhitaji jina jingine. Alikaa kwenye baraza mbele ya duka langu la vitenge, mtaa mmoja nyuma ya Msimbazi. Kila asubuhi nilipofungua milango ya chuma nilimkuta ameshapanga vitu vyake: beseni la maji la kutafutia matundu ya tyubu, kopo la spoki, boksi la spana, na gurudumu moja alilolitundika kwenye msumari ukutani. Hakuandika popote kwamba anatengeneza baiskeli. Alisema mwenye shida ataliona gurudumu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umeamkaje, mama?"

"Salama."

"Haya, fungua. Wateja wasikukute umesimama."

Alinizidi umri kwa miaka isiyopungua ishirini, lakini aliniita mama kwa sababu nilikuwa na duka. Kwake yeye, mtu mwenye kufuli lake mwenyewe Kariakoo alistahili adabu kidogo.

Hakuwa mtu wa kupendeka upesi. Hakuweza kuvumilia kuulizwa "bado?" Ukimuuliza mara moja, alinyamaza. Ukimuuliza mara ya pili, alifungua alichokuwa amekwisha kukifunga, akakiweka chini, akaanza upya mbele ya macho yako. Nilimwona akimfanyia hivyo mtu mzima mwenye kanzu safi, aliyekuwa anawahi harusi. Yule bwana alikaa juu ya robota la mitumba saa nzima, amefura, na Fundi hakumwangalia hata mara moja. Lakini Fundi huyo huyo, matarumbeta ya harusi yakipita mtaani, aliacha kila kitu. Alisimama ukingoni mwa barabara, mikono myeusi kwa grisi, akitikisa kichwa polepole mpaka gari la wapigaji lipotee. Nyakati hizo mteja angeweza kuondoka na spana zake zote asijue.

Madereva aliwachukia. Malori yalipoingia mtaani kushusha mizigo, yakiwabana wenye baiskeli na maguta ukutani, Fundi aliinuka na spana kubwa, akaligonga bodi la lori, ngo! ngo!

"We! Barabara hii umeachiwa na babu yako?"

Madereva walimtukana, naye aliwajibu tusi kwa tusi, kisha anarudi kuketi na kuniomba radhi. "Samahani, mama. Hujasikia kitu." Alisema dereva wa lori akiwa juu kule haoni watu, anaona vichwa tu, na vichwa vyote vinafanana.

Jambo moja hakulifanyia mzaha, nalo ni breki. Baiskeli haikutoka mikononi mwake bila breki, hata kama mteja alileta pancha tu. Alikuwa anaziminya zote mbili, anasukuma, anasikiliza. Zikiwa mbovu, haitoki. Wapagazi na wauza kahawa walimlalamikia, wakimwita trafiki. "Kama huna muda wa breki," alikuwa akisema, "unao muda wa kulazwa?"

Na baiskeli yake mwenyewe haikuwa na breki. Ndivyo ilivyokuwa. Alitoka nayo Buguruni kila siku, na alipotaka kusimama aliinua mguu, akakandamiza tairi la nyuma kwa soli ya kandambili. Kila baada ya miezi michache alinunua kandambili mpya. Nilipomtania, alinijibu kwamba daktari naye huumwa.

Muuza mikate alipita kwetu kila asubuhi akitokea kwenye tanuri upande wa Gerezani, kreti mbili za mikate zimefungwa nyuma ya baiskeli nyeusi ya kizamani. Tulimwita Mikate. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye kupiga kengele kabla hata hajaikata kona. Aliuza kwenye vibanda vya chai mpaka karibu na mto, kisha anarudi.

Asubuhi ile aliikokota baiskeli mpaka barazani. Waya wa breki ya mbele ulikuwa umekatika. Fundi aliiminya ya nyuma, akachuchumaa kuzitazama raba. Zilikuwa zimelika, kimebaki chuma.

"Iache," akasema.

"Fundi, nina vibanda vitatu vinanisubiri."

"Iache. Nusu saa tu."

Mikate akajikuna kichwa, akainama kuanza kufungua kamba za kreti. Mimi nilikuwa mlangoni. Sijawahi kusahau nilivyosema, kwa sababu nilisema kwa kucheka.

"Jamani Fundi, mwache amalize mzunguko wake. Watu hawajanywa chai mpaka saa hizi. Na mimi nipe miwili hapo, kabla hujamfunga."

Mikate alinicheka, akanipa mikate miwili, bado ya moto. Fundi alikuwa ameishika baiskeli kwa usukani. Alinitazama mimi, akatazama lile gurudumu la mbele, akatazama foleni ya baiskeli nyingine tatu zilizokuwa zinamsubiri. Kisha akauachia usukani.

"Haya, nenda. Taratibu. Saa nne uwe hapa."

Hazikupita dakika tano. Mtaa unaokatiza wetu ni wa njia moja, na Mikate aliuingia kinyume, kama walivyofanya wenye baiskeli wote ili kukwepa kuzunguka. Lori lilikuja likikata kona kwa mwendo ambao hakuna anayestahili kuwa nao Kariakoo. Mimi nilisikia kishindo, kisha kreti zikianguka, kisha wanawake wakipiga mayowe.

Nilipofika, watu walikuwa wameshalizunguka lori. Mikate alikuwa chini, na mtu alishamfunika kwa kitenge. Nilikitambua, kilitoka dukani kwangu wiki ile. Dereva, kijana wa miaka kama ishirini na saba, alikuwa bado ndani ya kabini, ameushika usukani kana kwamba gari linaenda. Simu yake ilikuwa imeanguka sakafuni na sauti ya mwanamke ilisikika ikiita: haloo? haloo? Wote tuliisikia. Nadhani sauti ile ndiyo iliyowapandisha watu hasira. Jiwe la kwanza likapasua kioo.

Aliyepanda ngazi ya kabini alikuwa Fundi. Tulidhani anakwenda kumshusha, kwa maana spana alikuwa nayo mkononi. Badala yake aligeuka, akauegemea mlango kwa mgongo.

"Hamgusi mtu hapa."

"Fundi, toka! Ameua huyu! Alikuwa kwenye simu!"

"Nimesikia. Polisi watakuja. Anayemtaka apite kwangu."

Jiwe jingine lilimpata begani. Hakutoka. Alisimama pale mpaka polisi walipofika, na jioni ile mtaa mzima ulimsifu kwa utu wake. Yeye alikusanya vitu vyake mapema, akaikokota baiskeli yake kwa mguu kuelekea Buguruni. Kuanzia siku ile sikumwona tena akipanda baiskeli.

Askari aliyeikagua baiskeli ya marehemu aliandika kwamba breki ziliharibika katika ajali. Lilikuwa kosa la kawaida. Chuma chote kilikuwa kimejikunja. Fundi alipolisikia, alikwenda kituoni mwenyewe. Alinisimulia baadaye, kwa ufupi wake ule.

"Nikawaambia zilikuwa mbovu kabla."

"Wakasemaje?"

"Wakasema, mzee, kesi imenyooka, unataka kuipinda ya nini?"

"Na kweli, Fundi. Ya nini?"

Alinitazama kwa muda mrefu, nikageuka kukunja vitenge ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa.

Wakili wa dereva alipata habari, na Fundi akaitwa kama shahidi wa utetezi. Mtaani ikawa fedheha. Mtu aliyegonga malori kwa spana miaka yote anakwenda kumtetea dereva? Wengine walisema amepewa chochote. Siku ya kutoa ushahidi nilifunga duka, nikaenda, nikakaa benchi la tatu. Mbele yangu alikaa mama Zawadi, mke wa marehemu, na kaka yake.

Fundi alivaa shati jeupe lililomzidi. Alieleza habari ya waya na raba. Wakili akamuuliza kama baiskeli ile, kwa ujuzi wake, ingeweza kusimama kwa ghafla. Akasema isingeweza. Wakamuuliza kama marehemu alikuwa akienda kinyume cha njia. Akasema ndiyo, kama wanavyokwenda wote. Ndipo mwendesha mashtaka akasimama kumhoji.

"Kwa hiyo unasema marehemu alijiua mwenyewe?"

"Hapana. Nasema baiskeli haikuwa na breki."

"Na wewe fundi mwenye uzoefu ulijua haina, ukafanya nini?"

"Nilimwambia nenda."



"Nilikuwa nimeishika mkononi," Fundi akaendelea, bila kuulizwa. "Nikaiachia."

"Palikuwa na mtu mwingine pale?"

"Kariakoo watu wapo siku zote."

Hakuangalia upande wangu. Nilibana mkoba wangu magotini nikasubiri swali linalofuata, lakini mwendesha mashtaka aliona jibu limetosha, akakaa. Hakimu akamwambia Fundi anaweza kushuka. Fundi hakushuka.

"Na mimi, mheshimiwa?"

"Wewe nini?"

"Yule ana kesi. Marehemu mmemtaja makosa yake. Na mimi je?"

Hakimu, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani, aliiweka kalamu chini. Hakumdhihaki. "Wewe hujashtakiwa, mzee."

"Ndiyo maana nauliza."

"Mahakama hii inaamua shauri lililo mbele yake. Nenda ukakae."

Akashuka, akapita katikati ya mabenchi, akatoka nje kabisa.

Hukumu ilisomwa mwezi uliofuata. Dereva ana hatia, hakimu alisema. Uzembe wa marehemu haufuti wa dereva, ila mahakama itauzingatia katika adhabu. Akamfungia leseni, akampa faini au kifungo cha miaka mitatu. Ndugu wa dereva walichanga na akatoka siku ile ile. Nje ya mahakama kaka yake mama Zawadi alipiga kelele kwamba maisha ya mtu yamegeuzwa kuwa faini ya kuegesha gari. Mpaka leo sijui adhabu ile ilikuwa ndogo, au ilikuwa sawa kwa mtu mmoja kati ya waliostahili.

Mtaani walimhukumu Fundi. Wapagazi walipeleka baiskeli kwa fundi mwingine kule Gerezani. Kuna siku nilikuta beseni lake limepasuliwa. Aliyebaki naye ni mzee wa Kihindi wa duka la vyuma, ambaye alikuja kila saa kumi na vikombe viwili vya chai ya maziwa, wakakaa wawili hao bila kuzungumza. Malori yaliendelea kupita na kuwabana watu ukutani. Fundi hakuinuka tena. Aliyatazama tu mpaka yapite, na mimi, ambaye zamani niliona haya kwa matusi yake, nilitamani ayatukane.

Mama Zawadi alikuja siku chache baada ya hukumu. Nilikuwa ndani, nyuma ya meza, na nilisikia kila neno.

"Umesimama na aliyemuua mume wangu."

"Nilisimama peke yangu, mwanangu."

"Umemfanya mume wangu aonekane mjinga mbele za watu. Mtu anayejiendea barabarani hana breki, kinyume cha njia, kama hana watoto."

"Hakuwa mjinga. Alikuwa tayari kuiacha. Alishaanza kufungua kamba."

Mama Zawadi akauliza, taratibu sasa, na sauti ile ya taratibu ilikuwa mbaya zaidi: "Sasa kwa nini ulimwambia aende?"

Hatua sita zilinitenga na mlango. Nazijua, nimezipima mara nyingi. Nilisimama na kitenge mkononi na sikutoka.

"Nilikosa," akasema Fundi. "Sina jibu jingine."

"Mungu akulipe," akasema mama Zawadi, akaondoka. Baadaye Fundi aliniambia kwamba hata yeye hakujua mama Zawadi alilisema kwa maana ipi.

Nilijaribu kumgusia Fundi habari ya kosa langu mara moja tu, kwa kuzunguka. Nilimuuliza ni haki gani ingemridhisha.

"Sijui. Wangemfunga yule kijana miaka kumi, mimi ningelala? Wangemwachia bure, Mikate angeinuka?"

"Basi ulikwenda kusema nini?"

"Nilikwenda kusema kilichotokea." Alichovya tyubu kwenye beseni jipya, akafuata viputo kwa kidole. "Wakili alitaka tugawane. Huyu nusu, yule robo, mwingine kipande. Pale mahakamani sawa, wana kazi yao, adhabu lazima ipimwe. Lakini ukirudi nyumbani hugawani na mtu. Ukilala, unalala na lako zima."

Nikasema, "Ni kweli, Fundi," nikaingia dukani.

Miaka minne alitembea kwa miguu kutoka Buguruni na kurudi. Mguu wa kushoto ulianza kuvimba. Nilimwambia apande basi, akasema anapenda hewa. Na huo ulikuwa uongo, kwa sababu hakuna hewa ya kupenda kwenye barabara ile. Kisha siku moja gurudumu halikutundikwa. Wiki ikapita, na nyingine. Mwezi wa pili nilinunua unga wa uji na machungwa, nikamwomba mzee wa duka la vyuma anielekeze, nikaenda.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya nyumba ya kupanga, mlango wazi. Alikuwa amelala kwenye mkeka, amepungua, mguu umekuwa kama wa mtu mwingine. Kijana mmoja aliketi miguuni pake akimkanda kwa mafuta ya nazi. Aliponiamkia ndipo nilipomtambua. Alikuwa yule dereva.

"Huja kila Jumapili," akasema Fundi, akiona nimeduwaa. "Nilimfukuza mara tatu. Alikuja kunishukuru. Nikamwambia sikukutetea, toka."

"Na nilijua hakunitetea," akasema yule kijana. Alizungumza bila kuacha kukanda. Sasa alifanya kazi Feri, kupakia samaki. Leseni yake ilikuwa imesharudi. "Ila mguu haukubali, mama. Nikikanyaga mafuta naisikia ile sauti kwenye simu. Alikuwa mchumba wangu. Tulishaachana."

Nikakaa. Fundi alitutazama kwa zamu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku nisizoweza kuzihesabu, lakini tabasamu lile halikuwa la furaha.

"Leo tumetimia," akasema. "Amekosekana mmoja tu, na huyo hatuwezi kumwita."

Kijana akaacha kukanda. Akanitazama, akamtazama Fundi. "Mama huyu naye? Kivipi?"

Fundi alifumba macho. Nilisubiri aseme yeye, nikaelewa kwamba hatasema. Hakusema mahakamani, wala kwa mama Zawadi, wala hatasema sasa. Kwa hiyo nilisema mimi. Nilisema Mikate alikuwa anafungua kamba. Nilisema nilitaka chai. Nilisema nilicheka. Yule kijana alinisikiliza mpaka mwisho, hakunilaumu kwa neno, akachota mafuta na kurudi kwenye mguu.

"Kwa nini hukunitaja?" nilimuuliza Fundi.

"Halikuwa langu la kutaja."

"Ungepunguza lako."

"Lisingepungua." Akapumua kwa shida. "Yule mke wa Mikate anajua langu. Anajua la huyu. Anauliza swali lake miaka yote kwa mtu asiyekuwa na jibu lote. Mimi siwezi kutembea tena, mama."

Kijana alinisindikiza kesho yake asubuhi kwenda kwa mama Zawadi, kabla sijafungua duka. Mama Zawadi alikuwa bado anakaa Ilala, chumba kile kile. Alipomwona dereva alitaka kufunga mlango, nikauzuia kwa mkono, nikasema nilichokuja kusema pale pale kizingitini, huku binti mdogo mwenye sare za shule akitutazama kwa nyuma. Nilisema chote. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru.

Aliniuliza kitu kimoja. "Fundi anaumwa sana?"

"Sana."

Akaingia ndani, akajitanda kanga, akamshika mtoto mkono, akatupita kama watu wa foleni. Alimfikisha mtoto shule, kisha akaenda Buguruni peke yake. Majirani wa Fundi waliniambia alikaa mle chumbani mpaka adhuhuri, mlango umerudishwa. Walizungumza nini sijui. Fundi sikumkuta tena akiwa na nguvu za kusimulia, na mama Zawadi si mtu ninayeweza kumuuliza.

Fundi alifariki kabla ya mwezi kuisha. Msibani kulikuwa na watu wachache: mzee wa duka la vyuma, yule kijana, wapagazi wawili waliokuja kwa aibu. Mama Zawadi alikuja na kisu chake, akakaa uani na wanawake, akamenya vitunguu tangu asubuhi mpaka wanaume waliporudi kutoka makaburini. Nilikaa karibu naye, nikachukua kisu nami. Alisogeza sinia kidogo ili nifikie. Hakunisemesha, na mpaka leo hajanisemesha.